Efrazia na Kipima Kuni

Efrazia Komba alizaliwa mwaka 1950 kambini, kwenye shamba la mkonge lililokuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Korogwe mjini. Babu yake alitoka Songea akiwa manamba, kibarua wa mkataba, akaambiwa kazi ni ya miezi tisa, akakaa mpaka akazikwa hukohuko. Kambi ile ilikuwa na Wangoni, Wamakonde, Wabena, Waha, na Wazigua wenyewe wa pale. Ijumaa wengine walikwenda msikitini, Jumapili wengine kanisani, na siku ya msiba walikaa jamvi moja.

Alipofika miaka kumi na minane aliingia kazini brashi, yaani kwenye chumba cha kusafisha singa, zile nyuzi za mkonge, na kuzichagua kwa madaraja kabla hazijashindiliwa kuwa robota. Kazi yake ilikuwa ya mkono. Fungu la singa likiletwa kutoka kwenye waya za kuanikia, Efrazia aliingiza mkono katikati yake, akatulia kidogo, akasema "kavu" au "rudisheni juani." Singa mbichi ikifungwa ndani ya robota huoza njiani, na msimamizi hakutaka kusikia habari hizo kutoka Tanga bandarini. Kwa hiyo palipotokea ubishi, kauli ilikuwa moja tu: "Mpelekeeni Efrazia."

Hapo ndipo alipokutana na Yordani, aliyekuwa kwenye mashine ya kushindilia robota. Walioana mwaka 1971, wakapata binti mmoja, Joyceline. Yordani alifanya kazi kwenye lile vumbi la singa miaka ishirini na minne. Alikuwa mtu wa kucheka, mrefu, mwenye mabega mapana, lakini kifua chake kilianza kumsumbua hata kabla hajatimiza miaka arobaini.

Mwaka 1993 kiwanda kilisimama. Bei ya mkonge ilikuwa imeshaanguka siku nyingi, shamba likawa linasubiri kuuzwa kwa mtu binafsi, na watu wa kambini wakaambiwa kila mmoja ajitafutie. Efrazia na Yordani walihamia Manundu, hapo Korogwe mjini, kwenye vyumba viwili vyenye uwanja mdogo nyuma. Ilikuwa miaka ambayo vitu vilikuwa vimerudi madukani. Sisi tuliopanga foleni ya unga na sabuni miaka ya themanini tulishangaa kuona magunia ya ngano yamepangwa barazani kwa mfanyabiashara na hakuna anayeyagombania. Efrazia aliyatazama magunia yale, akakumbuka kwamba mzee mmoja aliyekuwa mpishi wa meneja wa shamba alimfundisha kuoka mikate alipokuwa msichana.

Akajenga tanuri la matofali nyuma ya nyumba. Yordani alichanganya udongo, yeye akapanga matofali. Tanuri la namna ile huwashwa moto ndani kwa ndani, kuni zikawaka mpaka matofali yakapauka kwa joto, kisha makaa na majivu hukokotwa nje na mikate ikaingia. Mkate hauivi kwa moto, unaiva kwa joto lililobaki kwenye matofali. Kuni zikiwa kavu, kazi ni ya saa mbili. Zikiwa mbichi, moto unatumia nguvu zake zote kukausha maji, matofali hayapati kitu, na uwanja mzima unajaa moshi.

Mikate ya Efrazia ilipendwa. Aliiuza Korogwe stendi, na Joyceline alipopata kazi ya ualimu Mombo, mama yake alipata pia wateja huko, wale wanaouzia abiria wa mabasi yanayoshuka na kupanda kutoka Lushoto. Lakini kuni zilimtesa. Aliletewa na Mhina, kijana kutoka Kang'ata aliyekuwa na gari aina ya Kenta, ambaye alikusanya kuni kando ya barabara ya Handeni na kuzishusha Korogwe. Mhina hakuwa tapeli. Yeye mwenyewe alizitazama kuni, akaona zimepauka kwa nje, akaamini ni kavu.

"Shikamoo mama. Leo nimekuletea kavu kabisa, angalia zilivyokuwa nyeupe."

"Marahaba mwanangu. Na wiki iliyopita zilikuwa za rangi gani?"

Mhina alicheka, akaanza kuzishusha. Wiki moja kuni zilishika moto kama karatasi, wiki nyingine zilitoa povu kwenye ncha zake na kuimba kama birika. Efrazia alijaribu kuzishika, kuzipima uzito, kuzinusa. Mkono wake uliozoea singa haukujua lugha ya mti. Na moshi ulipotanda, Yordani, ambaye ndiye aliyekanda unga kwenye kibanda kando ya tanuri, alikohoa mpaka akashika ukuta. Mkewe alimwomba akae ndani. Hakukubali.

"Nikakae ndani nifanye nini? Nihesabu mabati?"

Mwezi wa Septemba mwaka 2002, Efrazia alipita kwenye meza ya Sadala pale stendi. Sadala alifanya naye kazi brashi, na baada ya kiwanda kufungwa aliingia kwenye biashara ndogondogo. Alikwenda Dar es Salaam kila mwezi, akarudi na maboksi ya vitu vya Kichina: tochi, redio, saa za ukutani, vikokotoo. Siku hiyo alikuwa ameshika kidude cha manjano, kirefu kama kiganja, chenye kioo kidogo cha kuonyesha namba na sindano mbili zilizochomoza mbele kama meno ya nyoka.

"Hiki ni cha nini?" Efrazia aliuliza.

"Dada yangu, nikwambie ukweli? Sijui. Kilikuwa kimoja tu ndani ya boksi la tochi. Nafikiri ni cha kupimia umeme, lakini nimekigusisha kwenye betri hakisemi kitu."

Kilikuwa na kikaratasi kilichochanika nusu. Upande uliobaki ulikuwa na maandishi ya Kichina, maneno machache ya Kiingereza, na picha ya kipande cha ubao kilichochomwa na zile sindano mbili. Efrazia aliikazia macho ile picha. Sadala akamwachia kwa bei ya kilo ya sukari, akifurahi kwamba kimeondoka mezani.

Joyceline alipokuja nyumbani Jumamosi alikisoma kile kikaratasi. Akawaeleza wazazi wake kwamba kidude kinapima maji yaliyomo ndani ya mti. Unachoma sindano, kinatoa namba. Chini ya ishirini kuni ni kavu na inafaa kuwaka, juu ya hapo bado mbichi. Mengine yaliyoandikwa yalikwenda na ile nusu iliyochanika.

Yordani alikipokea, akakichungulia, akakigusisha kwenye mkono wake mwenyewe. Namba ikapanda juu kabisa. "Mimi bado mbichi," alisema, na wote watatu wakacheka. Kuanzia siku hiyo alikiita nyoka. "Nyoka wako anasemaje leo?" ndiyo ikawa salamu yake ya asubuhi.

Mwezi wa Novemba parokia ilikuwa na kipaimara. Askofu alikuwa anakuja, na akina mama wa parokia walimwagiza Efrazia mikate na skonzi za watu mia mbili. Hakuwahi kupewa kazi kubwa kama ile. Mhina alipofika na Kenta imejaa, Efrazia alimsubirisha barabarani, akapita na kile kidude gogo kwa gogo, akichoma sindano kwenye ganda. Kumi na mbili. Kumi na nne. Kumi na tatu. Alimshukuru Mungu, akasema zishushwe zote.

Asubuhi ya siku ya kuoka mvua ya vuli ilikuwa imekatika. Efrazia aliwasha tanuri. Moto ulishika maganda, ukaruka juu vizuri, kisha ukalala. Moshi mzito, mweupe, ukatoka mdomoni mwa tanuri na kujaa uwanjani. Aliongeza kuni, moshi ukaongezeka. Saa zilikuwa zinakwenda, unga ulishaumuka, na hapakuwa na mahali pa kupata kuni nyingine. Aliiingiza mikate kwenye tanuri ambalo alijua halijapata moto wa kutosha, akiomba.

Alipogeuka kumwambia Yordani alete skonzi, alimkuta amepiga magoti kando ya meza ya kukandia. Mdomo wake ulikuwa wazi lakini hewa haikuingia. Midomo ilikuwa imegeuka rangi kama ya majivu. Efrazia alipiga kelele. Majirani walikuja, wakambeba mpaka barabarani, wakasimamisha gari la kwanza lililopita, wakampeleka hospitali.

Siku nne za kwanza huko alisaidiwa kupumua kwa mashine ya hewa. Mikate ilifika kanisani kwa mikono ya majirani. Akina mama wa parokia walipoikata, kisu kilitoka kimejaa unga mbichi. Hakuna aliyemlaumu Efrazia mbele yake, maana walijua mumewe yuko wapi, lakini yeye alijua. Alikaa kwenye benchi la wodini akikitazama kile kidude cha manjano ndani ya mkoba wake, akaona kimemdanganya.

Siku ya nne Yordani aliweza kuongea.

"Nitakitupa mto Pangani," Efrazia alimwambia.

"Nini?"

"Hicho kinyoka chako. Nimechoma kila gogo. Kila gogo, Yordani. Kimeniambia kavu, kavu, kavu. Nikakuua kwa moshi."

"Sijafa." Alipumzika, akavuta pumzi. "Ulichoma wapi?"

"Kwenye kuni."

"Wapi kwenye kuni?"

"Si juu, kwenye ganda! Wapi pengine?"

Yordani akasema, akiwa amefumba macho, "Wewe kule brashi, fungu la singa ulikuwa unalishika juu?"

Efrazia alijitazama mkono. Miaka ishirini na mitano alikuwa ameuingiza katikati ya fungu, kwa sababu juu kila fungu ni kavu, jua limepita. Mkono wake aliufahamu. Lakini ile ilikuwa mashine, ina namba, imetoka mbali. Alidhani inaona yenyewe mpaka ndani.

Jioni hiyohiyo, jua likiwa bado halijazama, alirudi nyumbani, akachukua shoka. Alisimamisha gogo moja kati ya yale yaliyobaki, akalipasua, akachoma sindano kwenye ule upande mpya, katikati, kufuata mishipa ya mti. Thelathini na nne. Akapasua jingine. Thelathini na moja. La tatu, thelathini na sita. Aliendelea mpaka jasho likamwingia machoni. Halafu akafika kwenye mafungu matatu yaliyokuwa chini kabisa ya lundo, ambayo yalikuwa tofauti na mengine. Kuni zake zilikuwa zimeshapasuliwa, zimefungwa kwa kamba ya gome. Akachukua moja, akaipasua tena ili atende haki. Kumi na tano. Nyingine, kumi na tatu. Nyingine, kumi na nne. Fungu zima.

Siku mbili baadaye Mhina alikuja kumpa pole. Efrazia alimketisha, akampasulia kuni mbele ya macho yake na kumwonyesha namba. Mhina alishika kichwa.

"Kumbe mama nimekuwa nikikuuzia maji."

"Hata wewe hukujua. Lakini niambie, hizi zilizofungwa na gome ni za nani?"

"Hizo? Za mama mmoja Mmasai wa upande wa Misima. Naisiae. Yule ananichelewesha, mama. Kila nikisimamisha gari ananipa mafungu mawili matatu tu. Zilizobaki namwona anazo, zimepangwa, nikimwambia lete, anasema bado."

"Anasema bado?"

"Kila siku bado. Wenzake wananijazia gari."

Efrazia alisimama. "Utanipeleka kwake."

Yordani alipotoka hospitali na Joyceline akapata ruhusa ya kukaa naye siku moja, Efrazia alipanda mbele kwenye Kenta ya Mhina, kile kidude kimefungwa kwenye kipande cha khanga. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu na mashimo. Kabla hawajafika Misima penyewe Mhina alikata kushoto, wakaenda pole kwenye njia ya ng'ombe mpaka kwenye boma lililozungushiwa miiba.

Naisiae alikuwa mwanamke mwembamba wa umri kama wa Efrazia mwenyewe, mjane. Ukame wa miaka miwili uliwaacha yeye na wanawe na ng'ombe wanne kati ya hamsini, ndipo akaanza kuuza kuni. Alimpokea mgeni kwa heshima, akamkalisha kwenye kigoda, akaagiza chai ya maziwa. Efrazia alimweleza kilichomleta: kuni, tanuri, mumewe, hospitali. Alipomaliza alimwita mama kwa Kimasai, akasema, "Kwa hiyo nimekuja kukushukuru, yeyo. Katika gari zima, kuni zilizokuwa kavu ni zako tu. Na nimekuja kukuuliza unafanyaje."

Naisiae alimtazama, kama mtu anayeangalia kama anataniwa. Kisha akainuka, akampeleka nyuma ya boma.

Kuni za mkambala na za mgunga zilikuwa zimepangwa mistari mirefu juu ya mawe, zisiguse udongo. Zote zilikuwa zimepasuliwa. Kati ya mstari na mstari mtu aliweza kupita, na upepo wa mbugani ulikuwa unapita. Juu kulikuwa na paa la nyasi, pembeni kuko wazi.

"Ukiacha gogo zima, ganda linafunga maji ndani," Naisiae alisema. "Jua linakausha nje, watu wanaona nyeupe wanafurahi. Pasua kwanza. Halafu weka upepo, si jua tu. Halafu subiri. Mstari ule ni wa tangu kiangazi kilichopita. Huu hapa, bado."

"Unajuaje kwamba bado?"

Naisiae alichukua vipande viwili kwenye mstari wa zamani, akavigonganisha. Vikatoa mlio mkali, kama wa vijiti vya ngoma. Akachukua viwili kwenye mstari mpya, akavigonganisha. Mlio ulikuwa mzito, umekufa. "Unasikia?"

Efrazia alifungua khanga, akatoa kidude chake. Watoto wa boma walisogea, na Mhina pia. Alichoma mstari wa zamani: kumi na tatu. Mstari mpya: ishirini na saba. Naisiae aliomba aelezwe namba zina maana gani. Alipoelewa alicheka sana, akaziba mdomo kwa shuka. Wakaanza kushindana: yeye anagonga na kusema, Efrazia anachoma na kusoma. Kuni kumi, kuni kumi na tano, wakakubaliana. Kisha wakafika kwenye kipande kinene. Naisiae akagonga, akasema bado. Kidude kikasema kumi na sita.

"Mama amekosea," mmoja wa watoto alisema.

Naisiae alichukua panga, akakipasua kile kipande, akamnyooshea Efrazia upande wa ndani. Efrazia alichoma. Thelathini.

"Huyo wako ana meno mafupi," Naisiae alisema. "Lazima umfungulie mlango."

Walipokunywa chai, Efrazia alimuuliza alijifunza kwa nani. Naisiae alizungusha kikombe mikononi. Alisema nyumba yao haina dirisha, moto uko katikati, na masika yote wanalala na moshi. Mama mkwe wake alipofuka macho. Na mtoto wake wa pili, msichana aliyeitwa Kiseyian, kifua chake kilimchukua katika mvua za mwaka mmoja, akiwa hata hajaota jino. Hakuna aliyemwambia ni moshi. Ila mwaka uliofuata alipasua kuni zake mapema, akazianika mpaka zikalia, na mtoto aliyemfuatia hakukohoa. "Tangu hapo siwezi kumpa mtu kuni ya kutoa machozi," alisema. "Mhina anakasirika. Lakini mimi najua huko ziendako kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna mtu."

Efrazia alimshika mkono. Alituambia baadaye kwamba mtu yule alikuwa akimtunza Yordani kwa miaka miwili bila kumjua, mafungu matatu kwa wakati.

Siku ile walipanga mambo. Efrazia hatanunua tena kuni za kuoka kesho. Kwa sasa atachukua za mstari wa zamani wa Naisiae, kisha atanunua mwezi wa sita kwa ajili ya vuli, na atakuwa na stoo yake yenye upepo. Naisiae atawaita wanawake wengine wa jirani wapasue na kuanika kama yeye. Mhina atasubiri mpaka aambiwe. Wakati wa kuagana Efrazia alimpa Naisiae kile kidude, akisema ni zawadi. Naisiae alikirudisha.

"Mimi masikio ninayo. Wewe ndiye hujajua kusikia. Kaa nacho."

Lakini baada ya mwezi mmoja Mhina alileta ujumbe: Naisiae anaomba nyoka. Alikuwa amewakusanya wanawake tisa, kila mmoja na mistari yake, na kila mmoja akidai kuni zake ni tayari. "Anasema hivi," Mhina alieleza, akijizuia kucheka, "mimi nawaambia bado, wananiona nina wivu. Hawanisikii mimi, watasikia betri." Efrazia alikifunga kwenye khanga, akamkabidhi. Tangu hapo kidude kikawa kinasafiri kati ya Korogwe na Misima kwenye kiti cha mbele cha Kenta. Sindano moja ilipopinda, fundi saa wa Korogwe aliinyoosha. Betri Sadala alizitoa bure.

Yordani hakupona kifua. Daktari alishawaambia kwamba hakiponi. Lakini moshi ulipoondoka uwanjani, hewa nayo ikamrudia kidogo kidogo. Pasaka ya mwaka uliofuata alitembea mwenyewe mpaka kanisani na kurudi, akipumzika mara mbili tu njiani. Alirudi kwenye meza yake ya kukandia unga. Tanuri lilipata moto ndani ya saa mbili, mpaka matofali yakapauka, na kilichotoka juu kilikuwa hewa ya joto inayocheza tu. Majirani waliokuwa wakifunga madirisha walianza kuanika nguo upande ule.

Akina mama wa parokia walimwagiza tena kwa kipaimara kilichofuata. Walikuja wenyewe, wakasema hawakuwahi kufikiria mtu mwingine. Efrazia aliwajibu kwa machozi. Siku hiyo mikate ilifika imeiva mpaka katikati, na Yordani ndiye aliyeipeleka.

Kila Jumamosi Efrazia alimpelekea Sadala mkate wa moto pale mezani kwake. Sadala aliona aibu.

"Dada, mimi nilikuuzia kitu nisichokijua. Unanishukuru kwa lipi?"

"Kwa kuniambia ukweli kwamba hukijui. Ungeniambia ni cha umeme, ningekiacha."

Yordani alifariki mwezi wa Aprili mwaka 2009, katikati ya masika, kitandani kwake, mkewe na binti yake wakiwa wamekaa kando. Siku ya maziko mvua haikukatika. Watu walikuwa wengi, wa kambini wa zamani na wa Manundu, na wapishi walikuwa wanahangaika na mafiga yaliyolowa, moshi unawafukuza wafiwa chini ya turubai. Kenta ya Mhina iliingia uani. Naisiae aliteremka kutoka mbele, na nyuma ya gari, chini ya turubai lililofungwa kila kona, kulikuwa na kuni za mkambala zilizopasuliwa, kavu, za kutosha siku tatu za msiba. Aliwaonyesha wapishi jinsi ya kuziweka, akangoja mpaka moto ukashika safi, ndipo akaenda kukaa chini kwenye mkeka na Efrazia.

Kisha Efrazia alisema, "Yeyo, siku ile hospitali walinong'ona kwamba hatamaliza mwezi."

"Mhina aliniambia."

"Nimepewa miaka sita na ushee. Amemwona mjukuu. Amekanda mikate mpaka wiki ya mwisho, na hapa nyumbani alikuwa anacheka kila siku."

"Namshukuru Mungu," Naisiae alisema.

"Mimi namshukuru Mungu, nakushukuru na wewe," Efrazia alimjibu, na akainuka kumtafutia mgeni wake chai.